Family Link: Inalinda Mlango, Haisikii Mazungumzo

Kwa zaidi ya miaka miwili nimekuwa nikiitumia Family Link, programu ya Google inayomwezesha mzazi kusimamia simu ya mtoto kutoka katika simu yake mwenyewe, kwa ajili ya watoto wawili: binti ambaye sasa ana umri wa miaka 11 na kaka yake mwenye miaka 14. Wazazi wengi huiweka kwa sababu ya muda wa skrini. Mimi niliiweka kwa kuwahofia watu wazima wanaojipenyeza katika michezo na mitandao ya watoto ili kuwarubuni, na kwa hiyo tathmini hii inaipima kwa kipimo hicho kimoja tu: je, inamzuia mtu wa namna hiyo, au angalau inamchelewesha? Kuhusu kama inasaidia mtoto kulala mapema, itoshe kusema kwamba inasaidia, na ugomvi wa wakati wa kulala umepungua nyumbani kwetu.

Programu yenyewe ilianza kutolewa mwaka 2017 na haina malipo. Mtoto anatakiwa kuwa na simu au kompyuta kibao ya Android, au kompyuta ya Chromebook. Mzazi anaweza kutumia iPhone, lakini mtoto mwenye iPhone hatafikiwa na sehemu kubwa ya yale ninayoyaeleza hapa, naye atahitaji vidhibiti vya Apple vyenyewe.

Kuiweka si kazi ngumu, ila kuna hatua moja ambayo wengi huivuka kwa haraka. Mtoto ambaye hajafikisha umri wa kumiliki akaunti peke yake, ambao katika nchi nyingi ni miaka 13, hufunguliwa akaunti na mzazi, na tarehe ya kuzaliwa inayoandikwa hapo ndiyo inayobeba karibu ulinzi wote unaofuata. Nimewaona wazazi wakimwongezea mtoto miaka ili wasisumbuliwe na vizuizi, bila kutambua kwamba kwa kufanya hivyo wanamfuta katika orodha ya watoto: video zilizowekewa mpaka wa umri zinamfungukia, kichujio cha utafutaji hakijiwashi chenyewe, na hakuna msimamizi anayehitajika. Uongo huo huo hurudiwa katika michezo, na matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka tisa anakaribishwa katika vyumba vya gumzo vya watu wazima kwa sababu kumbukumbu zinasema naye ni mtu mzima. Umri wa miaka 13 wenyewe, tukumbuke, una mizizi katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto mtandaoni. Haukuwekwa kwa kupima ni lini mtoto anaweza kumtambua mlaghai.

Kati ya vidhibiti vyote vilivyomo, kimoja ndicho nilichokuja kukithamini kwa dhati, nacho ni idhini ya programu. Mtoto akitaka kupakua programu kutoka Google Play, ombi huja kwenye simu ya mzazi, na bila kuridhiwa halipiti. Mzazi anaweza kuchagua kuulizwa kwa kila programu, au kwa zile za kulipia pekee, au kwa manunuzi yanayofanyika ndani ya programu, au kutoulizwa kabisa. Ninamshauri mzazi achague kuulizwa kwa kila programu, hata kama maombi yatamchosha, kwa sababu ambayo niliielewa siku moja nikiwa kazini.

Binti yangu alikuwa na mchezo wa kujenga nyumba na bustani ambao niliuidhinisha mwenyewe baada ya kuujaribu kwa jioni nzima. Wakati huo haukuwa na gumzo la aina yoyote. Miezi kadhaa baadaye ilinijia arifa kwamba anaomba kupakua programu ya kutumiana ujumbe, ambayo ni maarufu, ambayo nami ninaitumia, na kidole changu kilikuwa kimekwisha kukaribia kitufe cha kuidhinisha. Kilichonizuia ni kwamba hakuwa ameniomba kwa mdomo, jambo lisilo la kawaida yake. Nilipofika nyumbani nikamuuliza, "Mwanangu, hii programu ni ya nini?" Akajibu bila wasiwasi wowote, "Baba, rafiki yangu wa kwenye mchezo amesema huko tutaongea vizuri zaidi. Ila alisema nisiwaambie watu, kwa sababu wengine wataona wivu."

Rafiki huyo alijitambulisha kuwa msichana wa miaka 12. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa amemzawadia binti yangu sarafu za mchezo, amemsifu kwa ustadi wa ujenzi wake, ameuliza kama simu ni yake peke yake na kama hulala nayo chumbani. Sikuwahi kujua alikuwa nani, na sitadai nisichokijua; inawezekana kabisa kwamba alikuwa msichana wa miaka 12 mwenye maswali ya ajabu. Lakini wanaoshughulika na kesi za watoto kurubuniwa mtandaoni wataufahamu mpangilio huo neno kwa neno: zawadi na sifa kwanza, kisha siri ndogo isiyo na madhara, kisha mwaliko wa kuhama kutoka mahali penye wasimamizi kwenda mahali ambapo wao wawili watakuwa peke yao. Kuhama huko ndiko hatua ambayo mlaghai karibu hawezi kuiruka, kwa kuwa michezo mingi ya watoto huchuja maneno na huzuia kutumiana picha, na yeye anachokitafuta hakipatikani humo.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya programu hii na kasoro yake kwa wakati mmoja. Thamani ni kwamba hatua ya kuhama ilipita mikononi mwangu. Bila idhini hiyo, programu ya pili ingepakuliwa kwa dakika moja na mimi nisingekuwa na sababu ya kuuliza swali lolote. Kasoro ni kwamba wiki tatu za mazungumzo zilizotangulia hazikuacha alama yoyote kwenye simu yangu. Ripoti ya shughuli iliniambia kwamba binti yangu alicheza mchezo wa bustani kwa dakika kadhaa kila siku, na taarifa hiyo ilikuwa ya kweli, lakini kuhusu jambo nililokuwa nikilihofia haikuwa na thamani yoyote. Na kama mtu yule angeridhika kuendelea ndani ya mchezo ule ule, nisingejua hata leo.

Gumzo lenyewe lilifikaje ndani ya mchezo usiokuwa na gumzo? Lilikuja kwa sasisho. Huu ndio upungufu ambao ningependa kila mzazi aujue kabla ya kuiamini orodha yake ya programu zilizoidhinishwa: Family Link huomba idhini mtoto anapopakua programu kwa mara ya kwanza, lakini haiombi tena programu hiyo inaposasishwa. Programu uliyoikagua mwezi wa kwanza inaweza kuwa kitu kingine kabisa ifikapo mwezi wa sita, na ruhusa yako ya zamani bado inasimama. Google imelieleza jambo hili waziwazi katika maelekezo yake, kwa hiyo si siri. Hata hivyo, kwa mtazamo wangu, programu inayoongeza gumzo na watu wasiojulikana imebadilika kiasi cha kustahili kuulizwa upya. Tangu wakati huo nimejiwekea desturi ya kukaa na kila mtoto mara moja kwa mwezi, tukafungua michezo yake mmoja baada ya mwingine, naye akanionyesha anavyoucheza. Dakika tano za kutazama zinanionyesha mengi kuliko grafu yoyote ya matumizi.

Nitaeleza pia tulichokifanya siku ile, kwa sababu nilikaribia kukosea. Hamu yangu ya kwanza ilikuwa kuufuta mchezo. Badala yake tulipiga kwanza picha za skrini za mazungumzo yote, pamoja na jina la akaunti ya mtu yule, ndipo tukamripoti na kumzuia. Ukianza kwa kufuta, ushahidi unakwenda pamoja na hasira yako. Wenye mchezo walijibu kwa barua ambayo kwa hakika iliandikwa na mashine, na hakuna aliyetuandikia tena. Mchezo nilimwachia binti yangu, gumzo tukalizima katika mipangilio ya mchezo wenyewe. Mtoto anayenyang'anywa kitu anachokipenda kwa sababu amesema kweli hujifunza jambo moja tu, na si lile ambalo mzazi alikusudia.

Turudi kwenye programu. Vidhibiti viwili vya karibuni vinaigusa moja kwa moja hofu ninayoizungumzia. Cha kwanza kilitangazwa mwaka 2025, nacho humruhusu mzazi kuidhinisha orodha ya watu ambao mtoto anaweza kupigiana nao simu na kutumiana nao ujumbe wa kawaida. Kwa mtoto mdogo anayepewa simu ya kwanza ni kidhibiti kizuri sana. Apple walikuwa nacho cha aina hiyo tangu mwishoni mwa mwaka 2019, kwa hiyo hapa Google ilichelewa. Mipaka yake ni kwamba kinahusu simu na ujumbe wa kawaida pekee. Kile kinachopita ndani ya mchezo au ndani ya programu nyingine ya gumzo hakikihusu.

Cha pili ni onyo la picha za utupu katika programu ya Google Messages. Picha ikiingia, simu yenyewe huikagua, na ikihisi kwamba ina utupu huififisha kabla mtoto hajaiona. Mtoto akitaka kutuma ya namna hiyo, humsimamisha kwanza na kumkumbusha hatari yake. Ukaguzi hufanyika ndani ya simu, picha haipelekwi kwenye seva za kampuni. Apple waliutangulia mpango kama huo mwezi Desemba 2021, na tangu mwaka 2023 kwao huwashwa bila kuombwa kwa watoto walio chini ya miaka 13. Napenda kwamba kidhibiti hiki kinamfanya mtoto asite. Mlaghai hutegemea haraka. Humtaka mtoto atume sasa hivi, kabla hajafikiri, na ubao unaojitokeza katikati ya haraka hiyo kumuuliza mtoto kama ana hakika unaweza kuokoa kitu ambacho hotuba ya mzazi ya wiki iliyopita imeshindwa kukiokoa.

Sasa kuhusu lile ambalo Family Link hailifanyi kabisa. Haimruhusu mzazi kusoma ujumbe wa mtoto, kusikiliza simu zake, wala kutazama skrini yake kwa mbali. Wapo wazazi wanaoona huu ni udhaifu mkubwa na hukimbilia huduma kama Bark, ambayo hupitia ujumbe na picha za mtoto kwa mashine na kumtumia mzazi tahadhari pale inapohisi hatari. Nimelitafakari suala hili kwa muda mrefu, na msimamo wangu hauko sawa kwa watoto wote wawili. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa sioni tatizo lolote. Mazungumzo yake mtandaoni ni sehemu ya malezi yangu kama yalivyo mazungumzo yake uani. Kwa kijana wa miaka 14 naona hatari ya aina nyingine, kwamba akijua anasomwa atatafuta mahali ambapo hasomwi, na mahali hapo ndipo hasa mlaghai anapomngojea. Kwa hiyo, katika hili, sikuiondolea Family Link alama yoyote.

Alama nimeiondoa kwingine. Katika kivinjari cha Chrome mzazi huchagua kati ya kuruhusu tovuti zote, kujaribu kuzuia zenye maudhui ya ngono, au kuruhusu zile tu alizozikubali mwenyewe. Chaguo la katikati, ambalo wengi hulitumia, linazuia picha chafu kwa kiasi cha kuridhisha, lakini halikuundwa kuzuia kurasa za kuchati na watu usiowajua, ambazo nyingi hazihitaji kupakuliwa wala kuidhinishwa. Kwa hiyo mlango wa mbele una kufuli na dirisha liko wazi. Kwa binti yangu nimeweka chaguo la tatu, lile la tovuti nilizozikubali, na ingawa wiki mbili za kwanza zilikuwa za maombi yasiyokwisha ya kazi za shule, baada ya hapo orodha ilitulia.

Udhaifu mwingine haumo ndani ya programu bali ndani ya nyumba. Binti yangu aliijua nywila yangu kabla sijajua kwamba anaijua. Mtoto ambaye simu yake imefungwa hutumia ya binamu yake, au ile kuukuu iliyosahauliwa kabatini ambayo bado inashika mtandao, na kila kifaa ambacho hakina akaunti yake ni kifaa ambacho mipangilio yako haikijui. Sitaki kuirefusha orodha hii. Anayeishi na watoto anaijua.

Kwa kijana wa miaka 14 hali ni tofauti, na hapa ndipo programu inapopungukiwa zaidi. Usimamizi wa akaunti ya kijana ambaye amevuka umri ule wa miaka 13 ulikuwa ukitegemea ridhaa yake, na kanuni zake zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo mzazi azisome upya mtoto anapoukaribia umri huo badala ya kudhani kwamba kila kitu kitaendelea kama zamani. Kubwa zaidi ni kwamba maisha yake hayako tena katika michezo ya bustani, yako katika mitandao ambayo Family Link inaweza tu kuifungua au kuifunga. Huko ndani, ulinzi ni wa mitandao yenyewe. Instagram ilianzisha akaunti za vijana mwezi Septemba 2024, ambazo huwa za faragha tangu mwanzo na huruhusu ujumbe kutoka kwa wale tu ambao kijana anawafuata au tayari ameunganishwa nao, na aliye chini ya miaka 16 anahitaji ruhusa ya mzazi ili kulegeza masharti hayo. Snapchat tangu mwaka 2022 na Discord tangu mwaka 2023 zina ukurasa wa familia unaomwonyesha mzazi kijana wake anawasiliana na nani, bila kumwonyesha wanachoandikiana. Hili la nani bila nini ndilo ambalo ningetamani Family Link iliige, kwa sababu jina geni linalojirudia kila usiku linatosha kuanzisha mazungumzo, na faragha ya kijana inabaki mahali pake.

Sababu ya kuwahangaikia vijana kiasi hicho ni kwamba sura ya uhalifu wenyewe imebadilika. Kituo cha Marekani kinachopokea taarifa za unyanyasaji wa watoto mtandaoni, NCMEC, kilipokea zaidi ya taarifa 186,000 za watoto kurubuniwa mtandaoni mwaka 2023, na zaidi ya 546,000 mwaka 2024. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na sheria mpya ya Mei 2024 iliyozilazimisha kampuni za Marekani kuripoti makosa ya aina hiyo, kwa hiyo takwimu zisisomwe kana kwamba wahalifu wameongezeka mara tatu kwa mwaka mmoja. Lakini humo ndani kuna kundi ambalo wazazi wa wavulana hawalitegemei: mtu anajifanya msichana wa rika lake, anaomba picha ya utupu, akishaipata anadai fedha na kutishia kuisambaza kwa marafiki na ndugu. Wanaolengwa zaidi ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, na mambo huweza kutoka kwenye salamu hadi kwenye vitisho kwa usiku mmoja. Family Link haina chochote cha kusema kuhusu usiku huo.

Kwa ajili ya usiku wa namna hiyo nimemwonyesha mwanangu huduma nyingine, Take It Down, iliyozinduliwa na NCMEC mwezi Februari 2023. Mtu ambaye picha yake ya utupu ilipigwa kabla hajafikisha miaka 18 huichagua katika kifaa chake, tovuti hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, na ni alama pekee inayotumwa kwa mitandao inayoshiriki, ambayo huitumia kuitafuta na kuiondoa. Picha haiondoki kwenye simu, na hakuna anayeulizwa jina. Ina mipaka miwili ya kweli: picha ikikatwa au kubadilishwa, alama yake hubadilika na kazi huanza upya, na ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yale yanayosomeka na wanaozungumza pekee, haifiki. Nilimweleza mwanangu mipaka hiyo pia, kisha nikamwambia mambo matatu ambayo hakutakiwa kunijibu: asilipe, asifute kitu, aje kuniamsha saa yoyote ile. Alitazama pembeni muda wote nilipokuwa nikisema, kama inavyotarajiwa kwa umri wake.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 mwenye simu ya Android, ninaipendekeza Family Link bila kusita, mradi mzazi aichukulie kama kengele ya mlangoni inayomwita aje kuuliza ni nani, na mradi awe tayari kweli kuuliza badala ya kubonyeza tu. Kwa alama kumi ningeipa saba. Kwa kijana ningeipa tano, na hata hizo ni kwa sababu ya idhini ya programu, iliyo peke yake kati ya vidhibiti vyake ambayo bado inaleta mazungumzo mezani.

Kwenye simu ya mwanangu nimeondoa kikomo cha muda na vizuizi vya tovuti, nikabakiza idhini hiyo pamoja na ramani ya mahali simu ilipo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiifungue ramani bila kumjulisha. Hadi sasa nimelivunja sharti hilo mara moja, na jioni ile ile nilimwambia.